Njia ya Kuvuka Mto Kilombero



Mgeni ashukaye katika uwanja wetu mdogo wa ndege hapa Ifakara aweza kudhani bonde letu halina shida ya njia. Lakini ndege huchukua watu wachache mno. Walio wengi walisafiri kwa miguu na kwa mtumbwi, na tangu miaka ya 1970 kwa reli ya TAZARA.

Hata hivyo reli haikumfaa mgonjwa atokaye Mahenge, kwa maana mto ulikuwa kati yake na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwenye uchungu wa kuzaa alifika Kivukoni, akaketi ukingoni, akingoja kivuko, huku maji yakizidi. Tena Januari 2016 kivuko chenyewe kilizama kwa dhoruba, kikiwa na watu na magari.

Daraja likafunguliwa Mei 2018, urefu wake meta 384. Vijana hulipita upesi, wala hawatazami maji, nami siwalaumu. Bali ninyi walimu, wapelekeni watoto Kivukoni, wawaulize bibi zao walivukaje, wakayaandike madaftarini, maana wanaokumbuka wanazidi kupungua.