Faili la Pamoja Mtandaoni na Suala la Mmiliki Wake

Mada kwa semina ya wahariri na watafsiri



Siku hizi kitabu kimoja huweza kuwa na mtafsiri Zanzibar, mhariri Dar es Salaam na msoma prufu Nairobi. Wengi wetu bado tunazungushiana kazi hiyo kwa barua pepe au WhatsApp, kila mmoja na nakala yake, hadi mpiga chapa anapouliza ipi ndiyo ya mwisho na hapatikani wa kumjibu. Dawa yake inajulikana: faili liwe moja, likae mtandaoni, wahusika wapewe kiungo. Hilo silijadili. Ninalotaka tulijadili ni mamlaka juu ya faili hilo.

Kiufundi, kazi ngumu ilishafanywa zamani. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya hadhara mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha jinsi ya kufanya kazi kwenye maandishi yale yale pamoja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park. Ikabaki migongano. Chukueni sentensi "Bei ya mahindi imepandaa". Mtu wa Mombasa anafuta "a" ya ziada, ambayo ni alama ya 24 tukihesabu na nafasi. Sekunde hiyo hiyo mtu wa Mwanza anachomeka "ya jumla" baada ya "Bei". Kompyuta iliyokwisha kupokea maneno ya Mwanza ikitii amri ya Mombasa kama ilivyo, itafuta nafasi iliyo kati ya "mahindi" na "imepandaa", na kosa litabaki palepale. Ni lazima amri ihamishwe hadi alama ya 33. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walichapisha kanuni ya uhamishaji wa aina hiyo, na Google Docs, iliyotokana na programu ya Writely ambayo Google iliinunua Machi 2006, hutumia kanuni za ukoo huo.

Mashine basi inajua kupatanisha herufi. Haijui nani ana haki ya kubadili kichwa cha sura.

Ngazi za ruhusa kwenye Google Docs ni tatu: kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Mazoea yetu ni kumpa kila mtu ya tatu, tena kwa kiungo kilicho wazi kwa yeyote atakayekipata. Kiungo hicho kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, husambazwa kokote. Kama ndani mna namba za simu na akaunti za benki za waandishi, tumekwisha kugusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na kwa wenzetu wa Kenya, sheria yao ya 2019. Mtafsiri inatosha ahariri kwa njia ya mapendekezo, mhariri akayakubali au kuyakataa.

Kuna jingine ambalo wahariri hulisahau. Mwenye ruhusa ya kuhariri huona pia historia ya matoleo. Ukimpa mwandishi faili lile lile mlilokuwa mkimsema ndani yake, atasoma hata mlichofuta (na waandishi, tunawajua, hawasahau). Tengenezeni nakala mpya ndipo mumpe. Nakala haibebi historia.

Zito zaidi ni umiliki. Faili lililofunguliwa kwa akaunti binafsi ya kijana wa mafunzo ni la akaunti hiyo, hata kama ofisi nzima imeliandika. Kijana akiondoka, anaondoka na ufunguo. Na tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na mafaili yake. Ofisi yenye uwezo ilipie hifadhi ya pamoja, ambamo mafaili ni mali ya taasisi. Isiyo na uwezo ifungue akaunti moja ya ofisi, nywila yake iwe kwa watu wawili, na kila mwezi mtu apakue nakala kwenye diski.

Kuhusu umeme na bando sina mengi: washeni mapema uwezo wa kuhariri bila mtandao, kwa sababu mtandao ukikatika hamtaweza tena kuuwasha uwezo huo.

Ndugu washiriki, kabla ya chakula cha mchana naomba kila mmoja afungue faili ambalo ofisi yake inalitegemea zaidi, asome jina la mmiliki, na kama si la ofisi, aanze utaratibu wa kulihamisha leo.