Masikio Hayauzwi Dukani

Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo na kamati ya mashine ya kusaga ya kijiji

 

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala choo bora. Hayo tumeyasoma na tunaendelea kuyatenda. Leo tuzungumze juu ya kelele za kazini. Najua mtu atacheka. Atasema, "Eti kelele nazo ni ugonjwa?" Kelele si ugonjwa, ndugu yangu, lakini huleta uziwi. Na uziwi wa namna hiyo hauna dawa ya kuuondoa.

Tuanze na mashine yetu ya kusaga. Sote hapa tunakula unga wake. Vijana wawili ndio wanaoiendesha. Mteja huingia, husagiwa debe lake, huondoka. Kelele humpata kwa dakika chache tu. Lakini mwendesha mashine hubaki nayo kutwa, wiki hata wiki, mwaka hata mwaka. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Tena wenzake ni wengi: mpasua mbao mwenye msumeno wa mnyororo, fundi anayegonga vyuma na mabati, mfanyakazi wa korona katika shamba la mkonge, na kijana wa karasha kule machimbo ya dhahabu.

Sikio hufanyaje kazi?

Sauti huingia kwa tundu la sikio na kupiga kiwambo chembamba. Kiwambo hicho hutikisika kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake kuna mifupa 3 midogo sana. Mifupa hiyo hupeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye kijumba chenye maji, kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe ndogo zenye vinywele, kama 15,000 katika kila sikio. Chembe hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo, na hapo ndipo tunaposikia.

Sasa fikirini mpunga mchanga. Ng'ombe akipita mara moja, mche huinama, kesho yake huinuka. Lakini ng'ombe wakipita palepale kila siku, mche hufa. Vinywele vya sikio ni hivyo hivyo. Kelele ya siku moja huviinamisha, na mtu akipumzika huinuka. Kelele ya kila siku huviua. Tofauti ni moja tu: mpunga utapanda tena, lakini vinywele hivi vikifa kwa binadamu haviоti tena.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1713 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya mafundi wa shaba wa mji wa Venice. Mafundi hao waligonga shaba kutwa. Aliona kwamba kazi hiyo iliharibu masikio yao, na waliozeeka nayo walikuwa viziwi. Wakati ule hapakuwa na injini ya dizeli. Ilikuwa nyundo tu.

Kelele hupimwaje?

Unga hupimwa kwa kilo. Kelele hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, sauti yao ni kama desibeli 60. Hapo hapana ubaya. Wataalamu wa afya ya kazi wanashauri kwamba mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Lakini angalieni sana: kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa mara mbili, na muda wa kukaa hupungua nusu. Tufanye hesabu pamoja:

Desibeli 85, saa 8.
Desibeli 88, saa 4.
Desibeli 91, saa 2.
Desibeli 94, saa 1.
Desibeli 97, dakika 30.
Desibeli 100, dakika 15.

Chumba cha mashine ya kusaga mara nyingi hupita desibeli 90. Msumeno wa mnyororo hupita 100. Basi, chukueni chumba chenye desibeli 91. Kijana akiwasha mashine saa 2 asubuhi, ifikapo saa 4 kipimo chake cha siku nzima kimekwisha. Naye atafunga jua likizama!

Mtasema, "Mwalimu, chombo cha kupimia desibeli tutakipata wapi?" Kipimo mnacho. Simama na mwenzako, umbali wa mkono ulionyooshwa. Sema naye kwa sauti ya kawaida. Ikiwa huna budi kupaza sauti ndipo akuelewe, jueni kelele ya mahali hapo inaweza kuharibu masikio.

Dalili zake

Uziwi huu hauji kwa kishindo. Hauumi. Hautoi usaha. Huja polepole, na ndiyo maana watu hudanganyika. Bandu bandu huisha gogo.

Dalili ya kwanza ni mlio masikioni baada ya kazi, kama nyenje anayelia usiku. Dalili ya pili ni kusikia kama masikio yamezibwa na pamba. Dalili ya tatu ni kusikia sauti ya mtu bila kuyapata maneno yake. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Huanza sauti za ndege na za watoto. Kisha herufi kama s, f na t huchanganyika. Mwenzake anasema "kisu", yeye anasikia "kitu". Anaambiwa "fika", anadhani ameambiwa "shika".

Nyumbani mambo huharibika. Mke anaita, mume haitiki. Mke anasema mume ana dharau. Mtoto anauliza jambo, anajibiwa jingine. Kwenye mkutano wa kijiji mtu huyo hukaa kimya, kwa kuwa hajui nini kimesemwa. Watu humwita mkaidi, wengine husema amerogwa. Hakurogwa. Barabarani pikipiki inapiga honi nyuma yake, yeye yuko katikati ya njia. Na kazini mwenzake akipiga kelele "Zima! Zima! Mkanda umemshika mtu!", je, atasikia?

Wako wanaojisifu: "Mimi nimeizoea kelele, hainisumbui tena." Ndugu zangu, sikio halizoei kelele. Ukiona iliyokusumbua mwaka jana haikusumbui mwaka huu, yawezekana umekwisha poteza sehemu ya usikivu wako.

Tufanye nini?

Kwanza, tupunguze kelele pale inapotoka. Mashine isiyotunzwa hupiga kelele zaidi. Kazeni nati zilizolegea. Badilisheni beringi na nyundo zilizokwisha. Bomba la moshi lililotoboka lizibwe au libadilishwe, na kidhibiti sauti chake kiwepo. Injini ikae juu ya msingi imara wa zege, isiwe inarukaruka.

Pili, tuitenge kelele na watu. Injini ya dizeli ikiweza kuwekwa banda lake, nyuma ya ukuta, ni vizuri sana. Mizani na meza ya fedha vikae nje. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, kelele hupungua kama desibeli 6. Lakini ndani ya chumba cha mabati haipungui hivyo, maana sauti hugonga ukuta na kurudi. Kwa hiyo foleni isikae ndani. Mama mwenye mtoto mgongoni asubiri chini ya mti.

Tatu, tupunguze muda. Vijana wapokezane: mmoja asimamie mashine, mwingine apokee wateja nje, kisha wabadilishane. Mtu aliyetoka kwenye kelele apumzike mahali pa kimya. Asivae vispika vya simu masikioni na kufungulia muziki kwa sauti kubwa. Hiyo ni kelele juu ya kelele.

Nne, tuzibe masikio. Viko vizibo vya sponji vinavyoingizwa tunduni, na viko vifuniko vinavyofunika sikio lote. Kizibo cha sponji huvaliwa hivi. Nawa mikono. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, kisha kiingize. Kishikilie hapo mpaka kitanuke na kujaa tundu. Kivae kabla ya kuwasha mashine, si baada. Usikivue wakati mashine inanguruma, hata kwa mazungumzo mafupi. Toka nje kwanza. Usiazimane kizibo na mwenzako. Kikichafuka au kukakamaa, kitupe uchukue kingine. Vifuniko navyo vikae sawasawa, visiinuliwe na kofia wala kilemba.

Pamba kavu je? Haitoshi. Huzuia kelele kidogo sana. Tena msitie masikioni mafuta ya taa wala kuchokoa kwa kijiti. Sikio likiuma au likitoa usaha, nenda zahanati. Na kijana mwenye dalili nilizozitaja aombe rufaa akapimwe usikivu katika hospitali kubwa zenye kitengo cha masikio, kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Kipimo hakitarudisha kilichopotea, lakini kitatuonyesha kilichobaki ili tukilinde.

Ni kazi ya nani?

Hapa nazungumza na kamati. Najua mtasema, "Mwalimu, tukitumia fedha kwa vizibo na banda, faida ya mashine itapungua. Na vijana wakipokezana, foleni itakuwa ndefu." Ni kweli, fedha zitatumika. Lakini hebu tuulizane. Beringi ikiisha, kamati hutuma mtu mjini siku hiyo hiyo kununua nyingine. Mkanda ukikatika, hivyo hivyo. Sikio la kijana likiisha, mtamtuma nani, na duka gani? Mashine tunaitunza kwa kuwa ni mali ya kijiji. Je, huyu kijana si wa kijiji?

Tena hili si suala la hisani tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na mfanyakazi apimwe afya. Wasimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayohusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mchango wa mfuko wake hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi mshahara. Kijiji kikiajiri mtu, kijiji ni mwajiri. Na mfanyakazi naye ana wajibu. Akipewa kifaa akakitundika msumarini, asimlaumu mtu.

Sasa ninyi wahitimu wa kisomo mna kazi yenu. Hamkujifunza kalamu ili mwandike majina tu. Andikeni kwa herufi kubwa ubao huu na kuugongomea mlangoni: KELELE NI HATARI. ZIBA MASIKIO KABLA YA KUWASHA. Fungueni daftari. Kila siku andikeni mashine imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, na nani alikuwa ndani. Mwisho wa mwezi jumlisheni saa za kila kijana, kisha mzisome mbele ya kamati. Maneno matupu yanaweza kubishiwa. Daftari lenye hesabu ni vigumu kulibishia.

Ombi langu ni hili: kabla hatujatawanyika leo, kamati iamue siku ya kununua vizibo, na iandike uamuzi huo kwenye muhtasari. Vijana wetu wanatusagia unga kila siku. Nasi tuhakikishe kwamba miaka 20 ijayo watoto wao wakiwaita, wataitika.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni kazi zipi kijijini kwenu ambazo watu hulazimika kupaza sauti ili waelewane?
2. Chumba kina desibeli 94. Mtu asiyeziba masikio akae humo saa ngapi kwa siku?
3. Kwa nini mtu anayesema "nimezoea kelele" anajidanganya?
4. Mashine yenu ya kusaga inahitaji matengenezo gani ili kelele ipungue? Nani atayafanya, na lini?