Vijana wa Uofisa na Wazee wa Vita
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka, Kizingitini)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya vijana wanaosomea uofisa wa jeshi, na faida waipatayo kwa wazee waliotangulia vitani. Huenda mtu akauliza, sisi wavuvi wa kamba tuna nini na jambo hilo? Tunalo, kwa kuwa watoto wetu nao hupanga mstari siku ya kuandikishwa.

Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles waliongozwa na maofisa wa Kizungu, na wengi wa hao walikuwa vijana waliotoka Uingereza wasijue hata kuomba maji. Iliwapasa kujifunza Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kikosi. Mara nyingi aliyewafundisha kazi hasa ni sajini Mwafrika, mtu mzima, aliyekwisha kupigana na Wataliani huko Habeshi mwaka 1941. Mwanafunzi alikuwa na nyota begani. Mwalimu hakuwa nayo. Hata cheo cha efendi hakikuanzishwa mpaka mwaka 1956. Jambo hilo lilikuwa dhuluma, nasi hatuoni haya kulitaja.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, nchi ya Burma, wakati wa mvua kubwa, ikiwafukuza Wajapani hata ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Bonde lile lilijulikana kwa malaria. Magari yalikwama topeni, vyakula vikatupwa kutoka kwa eropleni. Aliyepita huko alijua kumeza dawa kila siku ingawa ni chungu, na kuteremsha mikono ya shati jua lituapo. Ni mambo madogo, lakini homa iliwaangusha watu wengi mno. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo katika vita hivyo, aliyatumia aliyojifunza katika misitu ya Mlima Kenya, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Sisi watu wa bahari hatuwezi kuisahau meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Leo kijana wa Kenya husomea uofisa Lanet, karibu na Nakuru, na nyota aweza kuipata. Akiletwa pwani hii na ramani yake nzuri, asione haya kumwuliza nahodha mzee habari za mikondo na miamba baina ya Pate, Ndau na Kiwayu. (Twakiri kwamba wazee wetu hupenda kutia chumvi, kijana na apime.)

Mtu aliyepigana Burma, kama yu hai, umri wake sasa ni karibu miaka mia au zaidi. Basi twawaomba wana na wajukuu waliosikia masimulizi kwa vinywa vya wazee hao waje waseme. Katibu amekwisha kupewa daftari, naye atakaa barazani kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri.