Baada ya SHA, nini? Bima ya ziada na kijana Mwislamu

Haya ni maandishi ya mazungumzo na vijana wa Lubao, Kakamega. Tumeyaweka hapa kwa wale waliokosa kufika. Soma, kisha mtumie mwenzako.

Ndugu zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kubaki baada ya swala. Najua leo ni Ijumaa, na Ijumaa ya Lubao kila mtu anaijua: soko limejaa, mbwa wa kuuzwa wanabweka, na wenye bodaboda wanakosa pesa kila dakika wanayokaa hapa. Kwa hivyo sitawachelewesha.

Mada ni bima. Si ile ya msingi pekee, bali ile ya ziada, ambayo ajenti hukufuata nayo sokoni na kukuambia "ndugu, ni shilingi chache tu kwa siku". Wengine wetu tunamfukuza tukisema bima ni haramu, basi. Wengine tunalipa bila kusoma. Njia zote mbili zinatuumiza.

Kwanza niseme kwa nini sisi, watu wa haki, tunazungumza habari ya bima. Katika misikiti yetu huku Magharibi, mtu akilazwa, kopo linapita. Hiyo ni desturi njema na isife. Lakini hebu tuangalie nani hupata nini. Mtoto wa ukoo mkubwa, ambaye babake anajulikana na kila imamu kutoka hapa hadi Mumias, kopo lake hujaa. Dada aliyesilimu mwaka jana, ambaye kwao wamemsusia, kopo lake hurudi na sarafu. Ugonjwa ni ule ule, bili ni ile ile. Harambee hulipa kwa kujulikana. Bima hulipa kwa mkataba. Mnyonge anahitaji mkataba kuliko mtu yeyote.

Sasa tuanze na msingi, kwa sababu huwezi kununua cha ziada kabla hujajua ulicho nacho.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliondoka na SHA ikaingia, kwa sheria ya mwaka 2023. Ndani yake kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, zahanati na vituo vya afya. Huu hauhitaji ulipe mchango. Unajisajili tu, hata kwa simu kwa *147#. Kijana ambaye hajajisajili mpaka leo anajinyima bure. Wa pili ndio bima yenyewe, ya kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa. Huu unalipiwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hivyo anayepata 20,000 hukatwa 550 kwa mwezi. Asiye na mshahara, yaani wengi wetu hapa, huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Lakini yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito na ya kudumu.

SHA inalipa mambo mengi. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kwa saratani, viwango vya 2025 viliweka 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa tatu. Viwango hivi hubadilika, kwa hivyo uliza kabla ya kuhesabu. Na sikieni neno "kwa familia". Mama na mtoto wakiugua mwaka mmoja, wanagawana kiasi kile kile.

Sasa pengo liko wapi? Mimi naona manne.

Pengo la kwanza ni pale kiwango kinapokwisha. Ugonjwa haujui kwamba pesa zimekwisha mwezi wa nane.

Pengo la pili ni riziki. SHA humlipa daktari, haikulipi wewe. Fundi au mwenye kibanda akilala wodini siku kumi pale hospitali ya rufaa Kakamega, bili inaweza kulipwa, lakini nyumbani hakuna unga na kodi inasubiri. Kuna bima ya ziada inayokulipa kiasi fulani kwa kila usiku uliolazwa, upeleke pesa unapotaka. Kwa kijana anayeishi kwa kibarua, hii mara nyingi ina faida kuliko kadi ya hospitali ya pili.

Pengo la tatu ni la wenye bodaboda, naomba mnisikilize vizuri. Ile stika unayolazimishwa na sheria, tunayoiita thad pati, inamlinda mtu uliyemuumiza: abiria wako au yule uliyemgonga. Sheria hiyo imeweka kikomo cha fidia kuwa shilingi milioni 3. Lakini wewe mpanda pikipiki ukianguka peke yako pale kwenye mteremko ukavunjika mguu, stika hiyo haikuhusu. Ukitaka mguu wako ulindwe, unahitaji bima ya ajali ya mtu binafsi, na hiyo ni karatasi nyingine kabisa. Uliza ajenti swali moja: "Nikivunjika mimi, nani analipwa?" Akianza kuzunguka, ondoka.

Pengo la nne ni mauti. Bima ya gharama za mwisho huuzwa sana siku hizi, na nyingi huahidi kulipa ndani ya saa 48. Kwa jirani yetu anayekaa na maiti wiki mbili mochari, hiyo ni haraka. Kwetu sisi, saa 48 zikipita marehemu ameshazikwa, matanga yanaelekea mwisho. Haimaanishi haina faida. Pesa hiyo inaweza kulipa madeni ya marehemu, na mnajua uzito wa deni la maiti. Lakini usiinunue ukidhani itanunua sanda. Na kuna tatizo jingine: madai haya hutaka kibali cha mazishi. Sisi mtu akifia nyumbani asubuhi, alasiri tumemaliza. Hakuna aliyepitia kwa chifu. Baadaye kampuni inataka karatasi, karatasi haipo, na mjane anaonekana kama mwongo. Basi tuwe na kijana mmoja katika kila msikiti ambaye kazi yake, wakati wengine wanachimba kaburi, ni kufuata kibali hicho. Hailazimu kuchelewesha mazishi hata kidogo.

Sasa swali mnalosubiri: halali au haramu?

Mimi si mufti. Nawapa yale yanayojulikana. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lililo Jeddah, lilitoa uamuzi kwamba bima ya kibiashara ya kawaida ina gharar kubwa, yaani mkataba wenye mambo yasiyojulikana, kwa hivyo haifai. Lakini baraza hilo hilo lilisema bima ya ushirika, ambayo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana, inafaa. Wengi wetu tulisikia nusu ya kwanza tu ya fatwa hiyo. Nayo bima ya lazima ya serikali, wanazuoni wengi wameiona tofauti na biashara kwa kuwa lengo lake si faida.

Hiyo ya ushirika ndiyo takaful. Mchango wako unatolewa kama tabarrui, yaani hiba ya kumsaidia mwenzako. Kampuni si mwenye pesa; ni wakala anayelipwa ujira wa kusimamia. Mfuko hauwekezwi kwenye riba wala pombe. Na pesa zikibaki mwisho wa mwaka, ni za wachangiaji, si za kampuni. Asili yake si ngeni kwetu. Mnakijua kisa cha Ashaariyyina, ambao chakula kilipopungua walikusanya walichonacho kwenye nguo moja wakagawana sawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawasifu.

Kenya hii takaful si hadithi. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Nairobi mwaka 2011. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa na bima ya mifugo ya takaful, baada ya picha za satelaiti kuonyesha malisho yamekauka. Kama mfugaji wa Wajir aliweza kupata bima inayoheshimu dini yake, kijana wa Lubao naye ana haki ya kuiuliza. Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji. Kwa hivyo usione haya kuuliza.

Maswali ni haya, yaandikeni kwenye simu:

Moja, mfuko uko wapi na unawekezwa wapi? Bodi ya sharia ni ya kina nani? Neno la Kiarabu kwenye kijitabu halitoshi.

Mbili, kipindi cha kungoja ni miezi mingapi? Bima nyingi hazilipi uzazi au ugonjwa wa zamani mpaka muda fulani upite.

Tatu, ni nini hakilipwi? Soma ukurasa huo kabla ya ule wenye picha ya familia inayocheka.

Nne, ni nani katika familia yangu anahesabiwa? Fomu nyingi zina nafasi ya mwenzi mmoja. Mwenye wake wawili aulize mapema, wa pili asije kujua ukweli akiwa leba.

Tano, nikifa pesa zinakwenda kwa nani? Jina unaloandika kwenye fomu lisije likapingana na mirathi. Muulize kadhi au sheikh wako kabla ya kutia sahihi.

Sita, nalipa wapi? Lipa kwa nambari ya kampuni, si kwa simu ya ajenti. Na hakikisha kampuni na ajenti wana leseni ya mamlaka ya bima, IRA. Ukidhulumiwa, malalamiko yako pia yanapelekwa huko.

Na hata kama huna bima yoyote, kumbuka haki mbili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu anayenyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuia kina mama wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Deni linadaiwa kwa njia za sheria, si kwa kumfungia mzazi wodini. Mkisikia kuna mtu wetu amezuiwa mahali, tuambieni siku hiyo hiyo.

Namalizia na kazi, kwa sababu hatukuja kusikiliza tu.

Nilisema SHA inataka ya mwaka mzima mara moja, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambayo ni mkopo wa kulipia mchango. Kabla hujaingia, uliza utarudisha kiasi gani juu ya ulichokopa. Sisi tuna njia nyingine mikononi. Vyama tunavijua, dada zetu wanaviendesha kila wiki. Tuanzishe chama cha afya cha vijana wa msikiti huu. Kila mmoja aweke 300 kwa mwezi, au kiasi alichopangiwa, na mwaka ukifika analipa SHA taslimu bila mkopo wa mtu. Juu yake aweke 100 ya mfuko wa kusaidiana. Tukiwa 60, hiyo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zinatosha kumpa aliyelazwa pesa ya unga, kwa kiwango tulichoandika, awe mtoto wa imamu au aliyesilimu jana.

Masharti yake: kanuni ziandikwe, hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwezi, sahihi ziwe tatu na mmoja awe dada. Tusajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022. Wala tusikiite bima wala kuwauzia watu wa nje, kwa sababu kuuza bima bila leseni ni kosa.

Kopo litaendelea kupita Ijumaa. Sadaka haina mwisho. Ila lisiwe ndilo tegemeo pekee la mgonjwa. Anayetaka kuandikwa, dada mwenye daftari yuko pale mlangoni. Ambaye hajajisajili SHA, njoo na kitambulisho tukusaidie sasa hivi. Na ambaye amenyimwa au kucheleweshewa kitambulisho, njoo pia. Hiyo ni vita yetu nyingine na tunataka jina lako kwenye orodha.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.