Mguu Uliovimba Nao Uoshwe



Kila Alhamisi Kuu tunakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowaosha miguu wanafunzi wake. Watu kumi na wawili huketi karibu na altare, na padre huinama mbele yao. Je, tumewahi kumwalika mwenye matende aketi katika safu ile? Au tumemwachia kiti cha nyuma, karibu na mlango, apate kuondoka kabla watu hawajamtazama?

Wengi wetu wa mwambao tumekua tukisikia kwamba matende ni uchawi uliokanyagwa njiani, na kwamba mabusha huletwa na maji ya madafu. Sivyo. Maradhi haya huletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Maji ya mwili yakikosa njia hutuama, na mguu huvimba. Tangu mwaka 2000, ugawaji wa dawa ulipoanza kisiwani Mafia, Watanzania wengi wamemeza ivermektini na albendazoli ili kuzuia maambukizo. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Lakini mguu uliokwisha kuharibika haurudishwi na dawa hizo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Wasikate tamaa, kwa maana lipo la kufanya, nalo ni kuosha. Mguu uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, hata katika mikunjo na katikati ya vidole, kisha ukaushwe taratibu kwa kitambaa safi. Penye mchubuko au fangasi papakwe dawa. Mgonjwa anapoketi au kulala, mguu uinuliwe. Akitembea, avae viatu visivyobana. Vijidudu hupenya kwenye vidonda vidogo na kuleta homa na maumivu makali, na kila homa ya namna hiyo huzidisha uvimbe. Homa ikija, mgonjwa apumzike, aupoze mguu kwa maji, aende zahanati.

Kazi hii ni ya kila siku, maisha yote. Mzee asiyeweza kuinama hataimudu peke yake. Basi wiki hii, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulizane: nani anamchotea maji? Nani anamsaidia kufikia vidole vyake? Na tukimwendea, tusiende kama watoa sadaka. Hata Petro alikataa kwanza kuoshwa. Tuketi naye, tumsikilize, tumwombe ruhusa, ndipo tushike beseni na sabuni.

Kisha Jumapili tuje naye kanisani, tuketi naye mbele.

Mungu awabariki nyote. Amina.