Wimbo Uliotangulia Senema Yake



Watu wengi waionapo senema ya Kimarekani iitwayo Singin' in the Rain, ya mwaka 1952, hudhani kwamba wimbo wake mashuhuri, wa mtu aimbaye kwa furaha huku akinyeshewa na mvua, ulitungwa kwa ajili ya senema hiyo. Sivyo. Wimbo huo ulikwisha kuwa na umri wa miaka zaidi ya 20.

Maneno yake yalitungwa na Arthur Freed, na muziki wake na Nacio Herb Brown. Ulisikika katika senema ya mwaka 1929, wakati picha za senema zilipokuwa zimeanza kusema. Baadaye Freed akawa msimamizi wa kutengeneza senema katika kampuni ya MGM, naye akawataka Betty Comden na Adolph Green watunge hadithi ya kuzibeba nyimbo zake za zamani. Wakachagua habari za siku zile zile nyimbo zilipozaliwa, senema bubu zilipokuwa zikitoweka.

Roger Edens aliuongezea wimbo sauti fupi za mwanzo zisizo na maneno, mfano wa mtu atembeaye bila haraka. Kisha Gene Kelly akaucheza chini ya mvua iliyotoka katika mabomba, naye ana homa kali. Atazamaye haioni homa. Huiona furaha tu.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini hapa cha zamani ndicho kilichopendeza, kwa kuwa kilipata watu wa kukifanyia kazi.