Mtumwa Aliyenunua Elimu kwa Mkate



Jioni ya leo napenda kuwasimulieni habari za mtu wa Marekani aliyenunua elimu kwa mkate. Wala sitii chumvi, kama mtakavyosikia. Jina lake ni Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818, na alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi alipelekwa mji wa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld.

Mke wa bwana huyo, Bibi Sophia, alianza kumfundisha mtoto herufi na maneno mafupi mafupi. Mumewe alipojua akakataza mara moja, akasema mbele ya mtoto ya kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Maskini, hakujua kuwa siku ile yeye ndiye aliyetoa somo kubwa kuliko yote!

Basi, tangu hapo kila alipotumwa nje, mtoto alichukua kitabu na mkate. Nyumbani mkate ulikuwa tele, na njiani walikuwako watoto wa Kizungu wenye njaa. Akawapa mkate, nao wakamsomesha. Kuandika alikupata kwa werevu. Mahali palipoundwa merikebu aliona mafundi wakitia herufi juu ya mbao, kuonyesha kama ubao ni wa kushoto au wa kulia, wa omo au wa tezi. Akazishika herufi hizo nne. Kisha akikutana na mvulana ajuaye kuandika, humwambia, "Hata mimi najua kama wewe," akaziandika kwa chaki. Yule naye, ili amshinde, huandika nyingine, akamfundisha pasipo kujua.

Alipopata miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu kiitwacho The Columbian Orator, mkusanyo wa hotuba. Ndani yake mna mazungumzo ya mtumwa na bwana wake. Mtumwa hujibu kila hoja, hata mwisho bwana humwacha huru. Alikisoma tena na tena. Lakini hapa pana jambo ambalo wasifuo vitabu hulisahau: kusoma kulimtia uchungu. Sasa aliijua hali yake, bali njia ya kutoka hakuiona, na mara nyingine aliwaonea wivu wenzake wasiojua kitu.

Hata hivyo aliwafundisha wenzake kwa siri siku za Jumapili, na wakati mmoja walizidi 40. Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 1872 nyumba yake ya Rochester iliteketea, pamoja na majuzuu ya gazeti alilolihariri miaka mingi. Akaanza upya. Alipofariki mwaka 1895, nyumba yake ya Washington ilikuwa na chumba cha vitabu, na nyumba hiyo ipo hata leo. Watu huenda kuitazama.